Kitanzi cha Kufunga Fezi: Tukielewe Kabla ya UE

Wanafizikia wenzangu, tuambizane ukweli: mada hii wengi tunaikariri tu. Mimi kwenye tesiti fomula niliandika yote, ila swali la "kwa nini" nikaliacha wazi. Na sisi ndio walimu wa kesho. Mwanafunzi wa kidato cha sita akiuliza, utamjibu "ndivyo ilivyo"?

Hebu turudi kwenye kwata la JKT. Umepoteza hatua. Unamsikiliza mwenzako, unapima umechelewa kiasi gani, unakaza mwendo. Kitanzi hufanya hivyohivyo. Kipima fezi hulinganisha wimbi linaloingia na wimbi la osileta yetu. Tofauti hugeuzwa volteji, hupita kwenye chujio, kisha huiongoza osileta iongeze au ipunguze mwendo. Mfaransa Henri de Bellescize aliandika juu ya upokeaji wa redio wa namna hii mwaka 1932. Leo vitanzi hivi vimo ndani ya simu yako.

Sasa penye utata. Tuseme hakuna chujio, ni waya tu. Wimbi linaloingia limezidi mwendo wa asili wa osileta kwa radiani 1000 kwa sekunde, na gaini ya kitanzi ni 5000 kwa sekunde. Masafa yatalingana, lakini fezi itabaki nyuma kwa 1000/5000, yaani radiani 0.2, karibu nyuzi 11.5. Kwa nini? Osileta inahitaji volteji ili iendelee kukimbia, na volteji hiyo inatoka kwenye kosa lenyewe. Kosa likiisha, volteji nayo kwisha! Ni kama kuruta mwenye kasi sahihi, ila kila mguu unachelewa kidogo.

Dawa yake ni intagreta: kapasita inayotunza jumla ya makosa yaliyopita. Kosa likifika sifuri, volteji inabaki. Lakini osileta nayo ni intagreta, maana fezi ni jumla ya masafa kadiri muda unavyokwenda. Intagreta mbili peke yake zitayumba bila kutulia. Ndiyo maana tunaweka rizista mfululizo na kapasita, ili kitanzi kiitikie pia kosa la sasa hivi. Kipimo cha kutuliza myumbo cha karibu 0.7 ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukikifanya kitanzi chepesi mno, kitafunga haraka lakini kitafuata na kelele; kikiwa kizito, kelele zinapungua ila utasubiri.

Kwa hiyo ukiulizwa kazi ya kapasita ile, usikimbilie fomula. Anza hivi: inakumbuka. Fomula itafuata yenyewe.