Mfupa Uliovunjika na Kiungo Kilichoteguka: Maelezo kwa Watu wa Nyumbani

Msimu wa karafuu uingiapo Unguja na Pemba, wachumaji hupanda hadi vileleni kuyafuata mashada, na tawi la mkarafuu, ambalo ni jepesi kukatika, humwachia mtu bila ya kumpa nafasi ya kujishika. Maembe yaivapo, watoto nao huwa juu ya miembe. Na katika miji yetu, kuanzia Mombasa hata Dar es Salaam, bodaboda hazina msimu, kila siku huwaangusha abiria na waendeshaji wao. Watu wa nyumbani aghalabu ndio wamfikiao majeruhi kabla ya tabibu, na ndio watakaobaki naye wiki nyingi baada ya tabibu kuimaliza kazi yake, wakiulizwa kila asubuhi kwa nini bado kunauma na lini ataweza kukanyaga.

Kabla ya lolote, yafaa ifahamike kwamba mfupa hujiunga wenyewe, kwa maumbile aliyoupa Mola, na hapana mafuta wala mkono wa binadamu uushikamanishao. Kazi yetu ni mbili tu: kuuweka mahali pake na kuutuliza mpaka ushikamane, kisha kukirudishia kiungo mwendo wake. Madhara mengi yanayowapata wagonjwa hutokana na kuzipindua kazi hizo, kwa kuwa mwanzoni, panapohitajiwa utulivu, jamaa kwa huruma yao huvuta na kukanda, na mwishoni, panapohitajiwa mwendo, mgonjwa hukaa kitako miezi kwa hofu ya kujiumiza tena.

Saa za kwanza

Mtu aliyeanguka kutoka juu, au aliyerushwa na chombo, asitazamwe mguu kwanza, hata ukiwa umepinda, bali aulizwe habari ya shingo na mgongo wake. Akisema kwamba kunamuuma huko, au kwamba hazisikii nyayo zake, au akiwa hana fahamu za kujibu, asiketishwe, asivutwe kwa makwapa, wala asipakiwe juu ya pikipiki baina ya watu wawili. Itafutwe bao pana, au mlango ung'olewe, watu kadhaa wamgeuze kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga vikienda sawia, kisha achukuliwe akiwa amelala. Kuchelewa nusu saa kwa ajili ya kuutafuta mlango huo si hasara hata kidogo, kwa sababu uti wa mgongo ukikatika hauungi kama ufanyavyo mfupa.

Mkono au mguu uliovunjika ufungwe gango kabla ya safari: kipande cha mti, boksi gumu lililokunjwa, au mkeka uliosokotwa, vyote vyafaa, mradi gango lifike kwenye kiungo cha juu na cha chini ya pale palipovunjika, nalo lilazwe juu ya nguo laini na kufungwa kwa kadiri, vidole vikiachwa wazi vipate kutazamwa. Mfupa ukichomoza nje, usirudishwe ndani. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, damu izuiliwe kwa kukandamiza, lisipakwe majivu, kahawa wala dawa ya meno, na mgonjwa afikishwe hospitali saa ile ile. Kwani mfupa uliopata mlango wa nje hupata na vijidudu, na dawa ya kuviua hufaa zaidi kila ipewavyo mapema, pamoja na sindano ya kuzuia pepopunda. Asilishwe wala asinyweshwe chai kwa nia ya kumtia nguvu, maana huenda akahitaji kulazwa usingizi wa dawa kwa ajili ya upasuaji, na tumbo lililoshiba huichelewesha kazi hiyo.

Kuteguka ni jambo jingine, ingawa si rahisi kulibainisha kwa macho. Mtu aliyepinda kifundo cha mguu, akiweza kwenda hatua nne, hata kwa kuchechemea, na usipomuuma mfupa wenyewe unapobonyezwa, huenda kano zake ndizo zilizonyooka kupita kadiri. Mguu uwekwe juu, upozwe kwa barafu iliyofungwa kitambaani kama robo saa kwa mara moja, ufungwe bendeji, na kukanda kwa maji ya moto kuachwe katika siku mbili za mwanzo, kwani joto huzidisha uvimbe. Akishindwa hatua hizo nne, apelekwe akapigwe eksirei. Bega au kiungo chochote kilichochomoka mahali pake kirudishwe na mjuzi, tena siku ile ile, kwa sababu kila saa ipitayo misuli hukaza na kazi huwa ngumu.

Mtoto aliyeangukia kiwiko

Hapa naomba niruhusiwe kukaa kidogo, kwa kuwa hili ndilo linaloniuma zaidi. Mtoto wa miaka mitano, sita au saba aangukapo kutoka mtini hutanguliza mkono, na mfupa wa juu hukatika hapo hapo juu ya kiwiko, mahali upitapo mshipa mkubwa wa damu pamoja na neva za mkono. Kiwiko huvimba, mtoto hulia, na mama, kwa mapenzi yake, humpeleka kwa mzee wa mtaani amvute na kumkanda, kisha mkono hufungwa kwa vijiti na kamba, kwa nguvu, ili usichezecheze.

Sina nia ya kuwadharau waunga mifupa wetu. Ujuzi wao ni wa kale na una heshima yake, na katika vitabu vya Waarabu fani hiyo ilitukuzwa, hata al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya kumi na moja, aliitengea sehemu nzima ya maandishi yake juu ya upasuaji, akieleza mifupa iliyovunjika na viungo vilivyoteguka. Lakini mkono wa mtu, ujapokuwa na uzoefu wa miaka arubaini, hauoni ndani ya nyama kama ionavyo eksirei, ambayo Wilhelm Röntgen aliigundua mwaka 1895. Na kamba ikazwayo juu ya kiungo kinachoendelea kuvimba huwa kitanzi. Daktari wa Kijerumani, Richard von Volkmann, alieleza mwaka 1881 yale yafuatayo: nyama za mkono hukosa damu, hufa katika muda wa saa chache, na baadaye hunywea na kukauka, vidole vikabaki vimejikunja kama makucha maisha yote. Wapo katika vijiji vyetu watu wazima wenye mikono ya namna hiyo, nao wakisimulia, kisa huanza na mti, kiwiko na kamba.

Basi mtoto aliyevimba kiwiko asikandwe. Vitazamwe vidole vyake: vikiwa baridi, vyeupe au vyenye ganzi, au akipiga kelele vinaponyooshwa taratibu na mtu mwingine, hiyo ni dharura isiyongoja kupambazuke.

Kadhalika mtoto mwenye homa, anayekataa kukanyaga au kuinua mkono, ilhali hakuna aliyemwona akianguka, asidhaniwe kuwa ameteguka. Huenda usaha umeingia ndani ya mfupa au kiungo, maradhi ambayo huwapata zaidi watoto wenye selimundu, na kumkanda mtoto huyo ni kumcheleweshea dawa ambayo angeipata siku ile.

Katika siku za hogo

Hogo, yaani lile bandiko gumu jeupe, ni kazi iliyotengenezwa na daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, mwaka 1852, alipopaka unga wa jasi katika vitambaa na kuvilowesha. Nalo haliponyi, hushika tu. Katika siku mbili tatu za kwanza mguu au mkono na uwekwe juu kuliko kifua, juu ya mito, na vidole vichezwe kila mara, hata kama mgonjwa hapendi, maana ndivyo damu irudivyo na uvimbe upunguavyo. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au yasipotulia kwa dawa, au vidole vikivimba, vikibadilika rangi au vikipoteza hisia, mgonjwa arudishwe hospitali hata ikiwa ni usiku wa manane, hogo lipasuliwe. Jamaa wengi huona haya kumsumbua tabibu usiku, au husema maumivu ni kawaida ya mfupa, ilhali nyama iliyobanwa huanza kufa katika muda wa saa sita hivi.

Kuwasha ndani ya hogo ni adha kubwa, hasa wakati wa joto la kaskazi, lakini kijiti cha kukunia huchubua ngozi, na donda lililo chini ya hogo halionekani mpaka linuke. Hogo lililolowa hulegea, nalo halifai tena. Halianikwi juani, hubadilishwa.

Muda wa kushikamana huwatia watu wasiwasi kuliko maumivu. Mfupa mpya huanza ukiwa laini, kama chokaa iliyopakwa katika ukuta wa mawe, ambayo ikiguswa kabla ya wakati wake huacha ufa, nao hugeuka kuwa mgumu polepole. Mkono wa mtoto mdogo huenda ukashikamana katika wiki tatu au nne. Kifundo cha mkono cha mtu mzima huhitaji kama wiki sita. Muundi na mfupa wa paja huchukua miezi mitatu, minne, na pengine zaidi. Mgonjwa asijipime kwa jirani yake, maana mfupa uliopasuka ufa si sawa na uliosagika, wala mwili wa miaka kumi si sawa na wa miaka sitini.

Supu ya kongoro, ambayo kila mgonjwa wa mfupa hupelekewa, ni chakula kizuri, na aliyeitayarisha amefanya ihsani. Ila haina nguvu ya peke yake isiyopatikana katika samaki, dagaa, mayai, maziwa na maharage. Tumbaku, kwa upande wake, huuchelewesha mfupa kwa hakika, nayo ni tumbaku hata ikitiwa katika tambuu au ikinuswa kama ugoro. Wazee wengi waliouacha msokoto hawajui kwamba tambuu nayo yahesabiwa.

Bibi aliyeanguka msalani

Kuna mvunjiko mmoja ambao nyumba nyingi haziuhesabu kuwa ni mvunjiko. Bibi au babu huteleza msalani au kizingitini, ajali ndogo isiyo na damu, kisha hawezi kusimama, na mguu mmoja huonekana mfupi kuliko wa pili na wayo umegeukia nje. Jamaa husema ni uzee, humpaka mafuta, humlaza, na kumhudumia kwa adabu zote. Kumbe mfupa wa paja umekatika karibu na nyonga, na kulala huko, kulikokusudiwa kuwa rehema, ndiko kumdhuruko: mgongo huota vidonda, mapafu hushikwa na homa, damu huganda katika miguu, na mzee aliyekuwa akienda sokoni mwezi uliopita hapati tena kuinuka. Upasuaji wa nyonga, ukifanywa mapema, ikiwezekana ndani ya siku mbili, humwezesha mzee kuketi na hata kusimama akishikiliwa baada ya muda mfupi. Umri peke yake si sababu ya kumnyima, na wanawe wanapojadiliana juu ya gharama na juu ya nani aamue, wakumbuke kwamba siku zinakwenda. Hata mahali ambapo upasuaji haupatikani, aketishwe, ageuzwe kila baada ya saa mbili, na apewe dawa ya maumivu ya kutosha ili aweze kuvuta pumzi kwa kina.

Hogo likiondolewa

Wengi hudhani siku hogo likatwapo ndiyo siku ya kupona, na hufadhaika kuuona mguu umekonda, ngozi ikibanduka magamba, na goti halikunji. Hali hiyo ni ya kawaida. Misuli iliyolala wiki nane haiwezi kuamka kwa siku moja, na uvimbe wa jioni huenda ukarudi kwa miezi kadhaa. Hapa ndipo mtu anapotakiwa aache ule utulivu aliofundishwa mwanzoni: akunje na kunyoosha kila saa awapo macho, akubali uchungu ule wa kuvutika ambao hutulia baada ya mapumziko, akanyage kwa magongo kwa kadiri aliyoamriwa, na asiyatupe magongo kwa kuona haya ya watu wala asiyang'ang'anie kwa mazoea. Maumivu makali ya mahali pamoja yanayozidi kila siku, mfupa unaocheza unapobonyezwa, au usaha utokao kwenye kovu, hayo hayangojwi. Na mtu aliyelala muda mrefu akivimba shavu la mguu mmoja, au akishikwa ghafula na pumzi fupi na kichomi, akimbizwe hospitali, kwa kuwa huenda damu iliyoganda imekwenda mapafuni.

Wenye vyuma ndani huuliza daima vitatolewa lini. Kwa mtu mzima, chuma kisichomsumbua huweza kukaa umri wote, na kukitoa ni upasuaji mwingine wenye hatari zake. Kwa mtoto anayekua, tabibu aghalabu hukitoa mfupa ukisha kushikamana. Chuma si badala ya mfupa: mfupa usiposhikamana, chuma huchoka na kuvunjika, na ndiyo maana aliyewekewa vyuma, ingawa hana hogo na anajiona mzima, hana budi kuhudhuria kliniki mpaka picha ya eksirei ionyeshe kwamba mfupa umeunga. Picha hizo zitunzwe zote katika mfuko mmoja pamoja na karatasi ya upasuaji, ziende na mgonjwa kila aendako, kwa maana tabibu wa hospitali ya Mnazi Mmoja hawezi kujua alichokifanya tabibu wa hospitali ya Muhimbili. Na mchumaji wa karafuu atakaye kujua lini atapanda tena, aulize siku hiyo hiyo ya picha, akieleza waziwazi kwamba kazi yake ni ya juu ya mti, si ya kukaa barazani, ili apewe jibu la kazi hiyo.