Kabla Hujapunguza Pikseli, Pima Doa la Leza

Ukitaka picha kali zaidi ya tishu kwenye MALDI (mbinu ya kuchora ramani ya molekuli kwa leza), usikimbilie programu. Wengi huifuta pikseli ya maikromita 50, wanaandika 10, wanabonyeza na kwenda kulala. Asubuhi wanakuta pikseli mara 25 na ukungu uleule.

Anza na doa lenyewe. Paka slaidi wino wa marka, uache ukauke, kisha piga leza tundu mojamoja, ukiacha nafasi katikati. Itazame kwa hadubini yenye kipimo. Tundu likiwa na umbo la yai, au maikromita 30 wakati menyu inadai 15, rekebisha fokasi. Rudia juu ya matriksi (kemikali inayopakwa juu ya tishu ili inyonye leza), kwa nguvu utakayotumia kwenye tishu, maana nguvu ikizidi tundu hupanuka.

Doa likigoma kupungua, kuna ujanja ambao maabara ya Jonathan Sweedler, Illinois, iliuonyesha mwaka 2005: choma kila mahali mpaka ishara ife kabisa, kisha sogeza jukwaa kwa hatua fupi kuliko doa. Leza itakuta tishu mpya kwenye ukingo tu, kipande chembamba kama hilali. Ukiacha mabaki, ujanja wote umeharibika.

Ila picha nyingi huharibikia kwenye matriksi. Ukipuliza ikalowanisha tishu, lipidi zinaogelea hadi kwa jirani, na hakuna leza itakayozirudisha. Matriksi ya DHB iliyokauka polepole nayo huota sindano ndefu kuliko pikseli. Kwa lipidi, mimi nafukiza: unga wa matriksi unapashwa moto ndani ya ombwe, unageuka mvuke bila kuyeyuka, unatua juu ya slaidi iliyopozwa ukiwa fuwele ndogo mno. Protini zina deko. Mara nyingi zinahitaji unyevu kidogo baadaye, na unyevu huo hula ukali wa picha.

Kipande chenyewe kata maikromita 10 hivi, ukikigandisha kwenye kishikio kwa tone la maji, si kwa OCT, gundi ya kugandishia tishu, ambayo polima zake hufunika ishara. Slaidi ikitoka kwenye friza, usifungue mfuko kabla haijapata joto la chumba. Umande ukitua, molekuli zimeshahama.

Tena, pikseli ya 10 ina robo tu ya tishu iliyomo kwenye ile ya 20. Kama molekuli yako ilionekana kwa taabu kwenye 20, baki hapo.