Neno "-ekundu": asili yake, matumizi yake na macho ya bibi zetu

Katika somo hili tunaliangalia neno la rangi tunalolitumia kila siku: -ekundu.

Asili

Majina mengi ya rangi katika Kiswahili yametokana na vitu. Kijani kimetoka kwenye jani, kahawia kwenye kahawa, zambarau kwenye tunda. Ndiyo maana tunasema "shati la kijani". Lakini -eupe, -eusi na -ekundu ni vivumishi vya asili ya Kibantu, navyo hupokea kiambishi cha nomino vinayoieleza: kitambaa chekundu, udongo mwekundu, nguo nyekundu, macho mekundu.

Matumizi

Padre huvaa mavazi mekundu siku ya Pentekoste, Ijumaa Kuu na sikukuu za mashahidi. Mashabiki wa Simba hujiita Wekundu wa Msimbazi. Barabarani, taa nyekundu husimamisha magari. Rangi ni ileile. Maana huwekwa na watu.

Macho mekundu

Hapa kwetu, Shinyanga na Geita, maana waliyoiweka watu imeua. Kwa miaka mingi vikongwe, hasa wanawake, wamekatwa mapanga kwa kuwa macho yao ni mekundu, eti ni dalili ya uchawi.

Chanzo kikubwa cha wekundu huo ni moshi. Bibi amepika tangu usichana wake kwenye mafiga, ndani ya nyumba isiyopitisha hewa. Katika Shinyanga miti mingi ilifyekwa, mingine wakati wa ukoloni ili kuwaangamiza mbung'o. Kuni zilipoadimika, watu wakapikia mabua na samadi kavu, ambayo moshi wake unachoma macho. Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulisaidia kurudisha miti kwa njia ya ngitili.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inamhesabu mkosaji hata anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi, na mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli.

Tunajifunza nini?

Sarufi yenyewe inatufundisha. Tunaposema "macho mekundu", kiambishi kinafuata macho. Hakisemi lolote juu ya moyo wa mwenye macho hayo. Anayeruka kutoka kwenye rangi hadi kwenye hukumu amezidisha neno.

Maswali ya kujadili

1. Kijijini kwetu, bibi mwenye macho mekundu anaitwaje asipokuwepo?
2. Ni nani kati yetu atamsaidia kupata jiko lenye moshi kidogo, au kumfikisha zahanati?