Vijana, Simu na Gazeti: Tujifunze Kupima Habari



Siku hizi wazee wengi wa Masasi na Newala wanalalamika. Wanasema vijana hawasomi tena magazeti, mchana kutwa wameinamia simu. Vijana nao wanajibu: "Mzee, gazeti la nini? Habari hiyo ninayo tangu jana." Nani ana haki kati yao? Katika somo hili tutalichambua jambo hilo polepole. Hatutaki kuwahukumu vijana, wala kuwacheka wazee. Tunataka kila mmoja wetu aelewe mambo matatu: habari zilitufikiaje zamani, zinatufikiaje leo, na mtu afanye nini ili asidanganyike.

1. HABARI ZILIVYOTUFIKIA ZAMANI

Gazeti la Kiswahili si kitu cha juzi. Wamisionari wa UMCA, wale wale waliofika Masasi mwaka 1876, walianza kutoa gazeti dogo la Msimulizi huko Unguja mwaka 1888. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni ilianzisha Mambo Leo mjini Dar es Salaam. Waliojua kusoma walikuwa wachache. Basi mmoja alisoma kwa sauti barazani na wengine wakasikiliza. Gazeti moja lilitosha kijiji.

Baada ya Uhuru tuliona kwamba kusikiliza peke yake hakutoshi. Mwishoni mwa mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alitangaza wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya mwisho wa mwaka 1971. Wilaya hizo ni Mafia, Ukerewe, Pare, Kilimanjaro, Tanga na Masasi. Naam, Masasi ilikuwamo. Mama zetu na baba zetu walikaa chini ya mikorosho, vitabu magotini, wakajifunza.

Lakini mtu akishajua kusoma asome nini? Asiposoma kitu atasahau, kama jembe lisilolimia linavyoliwa na kutu. Ndiyo maana yalianzishwa magazeti ya vijijini. Kule Mwanza, kwa mfano, gazeti la Elimu Haina Mwisho lilianza mwaka 1974. Redio nayo ilifanya kazi yake. Mwaka 1973 watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi kusikiliza kipindi cha Mtu ni Afya na kusoma kijitabu chake. Sauti na maandishi vilikwenda pamoja. Jambo hilo tulishike, tutalirudia.

Taabu kubwa ya huku kwetu ilikuwa njia. Gari kutoka Dar es Salaam lilisubiri kivuko pale Rufiji, na mvua ikizidi, njia ilikatika. Gazeti la Jumatatu liliweza kufika Newala watu wamekwisha kusahau Jumatatu yenyewe. Daraja la Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Lilipewa jina la Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Wengi tunamkumbuka kama Rais wa mwaka 1995 hadi 2005. Tusisahau kwamba kabla ya hapo alikuwa mtu wa magazeti. Alikuwa mhariri wa The Nationalist na Uhuru tangu mwaka 1966, na wa Daily News tangu mwaka 1972. Kwa hiyo gazeti si jambo la wageni kwetu.

2. VIJANA WANAFANYA NINI LEO

Kijana wa leo akiamka anafungua simu kabla hajanawa uso. Katika kundi la WhatsApp anakuta picha za kurasa za mbele za magazeti ya siku hiyo. Anasoma vichwa vya habari, basi. Kwake gazeti limekwisha. Kisha anaangalia video fupi, anasikiliza ujumbe wa sauti, anamtumia rafiki yake aliye Dar es Salaam.

Kwa nini anaipenda simu kuliko gazeti? Sababu zake si za kipuuzi.

Kwanza, simu ina haraka. Mpira ukichezwa usiku, matokeo anayapata usiku huo huo.

Pili, simu ipo kijijini. Gazeti huishia mjini Masasi au Newala mjini. Aliye bondeni kuelekea Ruvuma atalipataje? Apande bodaboda kwenda kununua gazeti?

Tatu, fedha. Pesa ya gazeti moja inanunua bando, na bando lina mpira, muziki, mchumba na habari, vyote kwa pamoja.

Nne, simu inampa nafasi ya kujibu. Akichukizwa anaandika hapo hapo. Gazeti humwambia, halimsikilizi.

Tano, na hii inatuuma sisi tunaoandika: magazeti mengi yanazungumza habari za Dar es Salaam na Dodoma. Kijiji chetu hutajwa akija kiongozi au ikitokea ajali. Kijana hajioni humo. Mtu hakai kwenye baraza asilosalimiwa.

3. GAZETI LINAUMIA WAPI

Gazeti linakula kwa midomo miwili. Mdomo wa kwanza ni mauzo ya nakala. Mdomo wa pili ni matangazo ya biashara. Watu wakiacha kununua nakala, mdomo wa kwanza unafunga. Wafanya biashara wakihamisha matangazo kwenda kwenye simu, wa pili unafunga. Wakati huo karatasi, wino, mtambo na mafuta ya gari vinataka fedha ile ile.

Jambo hili si letu peke yetu. Kule Uingereza gazeti la The Independent liliacha kabisa kuchapwa kwenye karatasi mwezi Machi 2016, likabaki la mtandaoni. Hapa kwetu magazeti kama Mwananchi, lililoanza mwaka 2000, yamefungua kurasa zao mtandaoni ili yawafuate wasomaji waliko.

Sasa mkulima atauliza: "Kampuni ya magazeti ikipata hasara inanihusu nini?" Inakuhusu sana, ndugu. Fedha zikipungua, waandishi wanapunguzwa, na wa kwanza kuondolewa ni yule wa mbali. Nani atakaa kwenye mnada wa korosho Newala, aandike bei iliyotangazwa na malalamiko ya wakulima? Nani atauliza fedha za kisima zimekwenda wapi? Mwenye simu kijiweni anaweza kupiga picha, hilo ni jema. Lakini kuuliza pande mbili, kukagua hesabu na kuweka jina lako chini ya habari ni kazi ya ufundi, nayo ina gharama.

4. HATARI MBILI

Hatari ya kwanza ni uongo unaokwenda mbio. Tuchukue mfano wa korosho, maana huo ndio uchumi wetu.

Utaratibu tunaufahamu. Mkulima anapeleka korosho kwenye chama cha msingi, zinapimwa, anapewa stakabadhi, zinakwenda ghalani, kisha zinauzwa mnadani kupitia vyama vikuu vya MAMCU na TANECU. Bei hubadilika kila msimu, hata kila mnada. Mwezi Oktoba 2024 bei ya minada ya kwanza ilizidi shilingi 4,000 kwa kilo. Mwaka mmoja kabla yake ilikuwa karibu na shilingi 2,000. Bei ikicheza namna hiyo, kila mtu ana njaa ya habari. Na mwenye njaa haulizi chakula kimepikwa na nani.

Sasa fikirini ujumbe kama huu unaingia kwenye simu ya kijana wako: "Mnada wa wiki hii umeahirishwa. Wanunuzi wamekimbia. Bei itaanguka. Uza mapema. Tuma kwa wenzako." Kijana anamsomea mama yake. Mama anaogopa. Jioni hiyo hiyo mlanguzi wa kangomba anabisha hodi, fedha mkononi.

Hebu tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano tu.

Mama ana magunia 3, kila gunia kilo 80. Jumla kilo 240.
Mlanguzi anatoa shilingi 2,500 kwa kilo: 240 × 2,500 = shilingi 600,000.
Mnadani, baada ya makato, angepata shilingi 3,500: 240 × 3,500 = shilingi 840,000.
Hasara: shilingi 240,000.

Na hapo hatujahesabu kipimo cha kangomba, ambacho mara nyingi si kipimo halali. Shilingi 240,000 ni salfa ya kupulizia mikorosho, ni sare na madaftari ya watoto. Zote zimechukuliwa na mistari miwili ya maneno yasiyo na mwenyewe.

Hatari ya pili ni ya kimya kimya. Simu ina picha na sauti nyingi kuliko maandishi. Mtu anaweza kumaliza wiki nzima akitazama na kusikiliza, asisome hata mistari kumi. Zamani tuliogopa wahitimu wa kisomo kusahau kusoma kwa kukosa gazeti. Leo anayeweza kusahau ni hata kijana aliyemaliza shule, huku ana simu nzuri mfukoni. Anajua herufi, lakini ukimpa mkataba wa kurasa mbili, au fomu ya mkopo, anachoka kabla ya katikati. Kisha anatia sahihi asichokisoma. Hii ni hasara kubwa kuliko ya korosho, maana korosho zitazaa tena mwakani.

5. HABARI ICHEMSHWE KAMA MAJI

Sisi wa uwanda wa Makonde twajua thamani ya maji. Huku juu hakuna mto. Bibi zetu waliyafuata bondeni, wakapanda mlima na mitungi kichwani. Hata hivyo hawakuteka popote tu. Waliuliza kwanza: kisima gani? Na kipindi cha Mtu ni Afya kilitufundisha kwamba hata maji ya kisima kizuri yachemshwe kabla ya kunywa. Basi habari nayo tuifanyie hivyo hivyo. Kabla ya kuiamini au kuituma, tuiulize maswali matano:

(a) Nani amesema? Ina jina la mtu, ofisi au gazeti? "Wanasema" si jina.

(b) Lini? Tazama tarehe. Mwezi Novemba 2018 Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Picha ya gazeti la siku hizo ikitumwa leo, gazeti ni la kweli na habari ni ya kweli, lakini imepitwa na wakati. Ukiifuata utapotea.

(c) Amejuaje? Alikuwapo mnadani, au naye alitumiwa?

(d) Nani mwingine amesema? Angalia ubao wa chama cha msingi. Mpigie karani. Sikiliza redio. Tazama ukurasa wenyewe wa gazeti hilo, siyo picha yake tu. Wapo pia waandishi wanaokagua uvumi kwa Kiswahili, kama Nukta Fakti.

(e) Nani anafaidika nikiamini? Ujumbe unaokuharakisha uuze leo, una mtu anayengoja kununua leo.

Wengine watasema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Sawa, lakini njia ya mwongo ni fupi. Tena tukumbuke kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza habari za uongo kwa kujua. Kusema "nami nilitumiwa tu" si kinga ya kutegemea.

6. TUFANYE NINI KIJIJINI

Kumnyang'anya kijana simu hakufai. Kumlazimisha kununua gazeti hakuwezekani. Tunashauri mambo manne.

Moja: turudishe kikundi cha kusoma. Mara moja kwa wiki watu kumi wakutane, kama enzi za Mtu ni Afya. Wachange fedha kidogo wapate gazeti moja, hata la siku mbili nyuma. Kijana mmoja alete simu. Habari moja isomwe gazetini kwa sauti, kisha itafutwe kwenye simu. Je, zinalingana? Zikitofautiana, kwa nini?

Mbili: tubadilishane ujuzi. Kijana amfundishe mzee kufungua ukurasa na kukuza herufi. Mzee amfundishe kijana kusoma habari hadi mwisho na kuuliza "nani kasema?"

Tatu: tutunze karatasi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, intaneti ikasumbua Tanzania na nchi jirani. Siku hiyo bando halikuwasaidia wengi. Gazeti lililokunjwa juu ya dari halihitaji waya wala chaji. Bei za korosho za kila mnada ziandikwe katika daftari la kikundi, pamoja na tarehe. Baada ya miaka mitatu daftari hilo litakuwa mwalimu wenu.

Nne: tuandike. Gazeti litabadilika likipata habari za vijijini. Kijana anayejua kutuma ujumbe anajua pia kutuma habari ya kisima kilichoharibika, ikiwa na jina lake, mahali na tarehe. Nasi tunaoandika magazeti tuna wajibu wa kuichapa na kuijibu. Vijana wakijiona humo watasoma, iwe kwenye karatasi au kwenye kioo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mhariri: anayekagua na kusahihisha habari kabla haijatolewa.
Uvumi: habari isiyojulikana mwanzo wake.
Kangomba: ununuzi wa korosho nje ya chama, mara nyingi kwa vipimo visivyo halali.
Intaneti: mtandao unaounganisha simu na kompyuta za dunia nzima.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chenu, habari ya bei ya korosho hufika kwanza kwa njia gani? Nani huihakikisha?
2. Taja sababu mbili zinazowafanya vijana waache gazeti. Ipi kati yake gazeti linaweza kuirekebisha?
3. Mkulima ana kilo 400. Akiuza kwa kangomba hupata pungufu ya shilingi 600 kwa kila kilo. Amepoteza kiasi gani?
4. Chagua ujumbe mmoja ulioingia kwenye simu wiki hii. Uulizeni yale maswali matano. Majibu myaandike katika daftari la kikundi, mweke na tarehe.