Dau lisilotosha

SWALI: Katika briji, mpinzani alitaja shupaza 2, nami nikataja kopa 2. Mwamuzi afanye nini?

JIBU: Kopa iko chini ya shupaza, hivyo dau lako halikutosha. Mwamuzi awaeleze wote wanne njia zilizopo kabla yeyote hajachagua. Mpinzani wa kushoto kwako anaweza kulikubali. Akitaja dau lake tu, amelikubali. Akikataa, Kanuni ya 27 inakutaka urekebishe. Ukipanda hadi kopa 3, mnada unaendelea bila adhabu. Vivyo hivyo ukitoa tamko lenye maana inayolingana na dau lako la awali. Ukitaja dau lingine linalotosha au ukipita, mwenzako lazima apite hadi mnada uishe. Baadaye, kosa likiwa limekufaidisha, mwamuzi anaweza kurekebisha alama.