Dondoo muhimu: Kiti cha plastiki kidumu nyumbani

Kiti cha plastiki cha kipande kimoja, ndugu wa kile alichobuni Mfaransa Henry Massonnet mwaka 1972, hualikwa kila msiba na kila harusi mtaani, na mara nyingi hakirudi. Andika jina lako kwa rangi ya mafuta chini ya kikalio. Ukiliandika mgongoni, wageni wataondoka nalo kwenye kanzu zao.

Adui yake mkubwa ni jua. Mionzi huila plastiki polepole: rangi hupauka, ukipitisha kidole unatoka na unga mweupe, kisha siku moja mjomba anaegemea kucheka na mguu unakatika, ta! Ukiuona unga huo, kistaafishe kiti. Kibebe ndoo ya maji, lakini bibi asikikalie kamwe. Vilivyo vizima vipange kimoja juu ya kingine, kivulini.

Kikalio kikipata ufa, toboa matundu pande zote mbili kwa msumari wa moto, ushone kwa waya mwembamba. Ncha za waya zikunje zielekee chini, la sivyo kitenge cha shangazi kitachanika mbele za watu. Ufa wa mguu usishonwe.

Kwenye vigae miguu hutanuka na kuteleza, tandika mkeka.

Mgeni mwenye mwili mkubwa mpachikie viti viwili, kimoja ndani ya kingine. Fanya hivyo kabla hajafika, asione unavyompima kwa macho.