SOMO LA AFYA: MAJI BARIDI KWA MIGUU ILIYOCHOKA



Anayetoka kazini Sonatubes kwenda Gahanga kwa miguu hufika nyumbani nyayo zikiwaka moto. Afanye hivi:

1. Avue viatu, aoshe miguu, kisha ailoweke katika beseni la maji baridi dakika 10 hadi 15. Baridi hupunguza uvimbe na maumivu.

2. Barafu ifungwe kwa kitambaa. Ikikaa juu ya ngozi tupu huiunguza.

3. Akaushe vizuri katikati ya vidole. Lengelenge lisitumbuliwe.

4. Mwenye kisukari asitumie barafu wala asiloweke miguu. Ganzi humfanya aumie bila kujua, na kidonda kidogo chaweza kumpotezea mguu. Aende kituo cha afya.

Kiatu cha kazi kikiwa ndicho kinachoumiza, mwambieni mjumbe wa chama. Maji hutuliza mguu, hayarekebishi kiatu.